UZI: Pembe za kasha la mvule kwa msumeno na patasi tu, zisiachie hata likifika bara

Seremala_Langoni

Assalaam aleikum mafundi. Kuna oda ya kasha la nguo: urefu 900 mm, upana 450, kimo 450. Mbao ni mvule, zimeshapigwa randa hadi unene wa 20 mm. Vishikio viwili vya shaba vitakaa kwenye mbavu fupi. Kasha litavuka kwa boti kutoka Lamu hadi Mokowe, gati ya bara, kisha lori mpaka Nairobi, na huko litakaa nyumbani kwa mteja.

Kazi yote ni ya mkono. Vifaa vilivyopo: msumeno wa mgongo, patasi za 6, 10, 12 na 25 mm, randa mbili, mahati (ya kuchorea mstari sambamba na ukingo), guni (ya kupimia mraba), nyundo ya mti na jiliwa (ya kubania mbao). Mwenzangu karakanani anashikilia kwamba pembe za digrii 45 na misumari zinatosha. Mimi nataka kiungo kitakachobaki. Naomba: kiungo gani, vipimo vyake, na mambo yanayoharibika mara nyingi ili niyajue mapema.

---

Mahati_na_Guni

Wa aleikum salaam fundi. Weka mkia wa njiwa, na usibabaishwe na mtu.

Gundi hushika pale ubavu wa nyuzi unapolalia ubavu wa nyuzi. Kichwa cha ubao, yaani pale nyuzi zilipokatwa, hunywa gundi na hakishiki sawasawa. Pembe ya digrii 45 ni vichwa viwili vilivyotazamana, kwa hiyo mzigo wote unaachiwa msumari. Nao msumari ukipigwa kichwani mwa ubao unakwenda sambamba na nyuzi, hauna kinachoukaba, unatoka kama ulivyoingia. Kwetu Lamu ongeza hewa ya chumvi: chuma kinashika kutu, kutu inavimba na kupasua ubao, na kwenye mbao ngumu inaacha doa jeusi lisilofutika.

Tukubaliane majina ili tusichanganyane. Mikia ni vile vipande vinavyopanuka kuelekea kichwani mwa ubao. Meno ni vile vinavyoingia katikati ya mikia. Kasha lako lina mbao mbili ndefu na mbili fupi: mikia ichonge kwenye ndefu, meno kwenye fupi. Vishikio viko kwenye mbao fupi, na mtu anapolibeba kasha anazivuta zile mbao fupi kwenda nje. Mikia ya mbao ndefu ndiyo inayozuia mvuto huo. Ukigeuza, umbo la mkia halina kazi na gundi inabaki peke yake.

Vipimo vya kimo cha 450 mm:

- Mikia 6, kila mmoja 62 mm kichwani = 372
- Nafasi 5 kati ya mikia, kila moja 12 mm kichwani = 60
- Nusu-meno 2, moja juu na moja chini, kila moja 9 mm kichwani = 18
- Jumla 450

Mwinamo wa mkia kwa mbao ngumu ni 1 kwa 8. Katika unene wa 20 mm kila ubavu unaingia ndani 2.5 mm, kwa hiyo nafasi ya 12 kichwani inakuwa 17 kwenye mstari wa kina, yaani mstari unaoonyesha mikato iishie wapi. Patasi yako ya 10 inaingia bila kugusa mbavu, na ndiyo sababu nimechagua 12. Usipange nafasi ambayo huna patasi ya kuisafishia.

Kwa saiprasi na mbao nyingine laini tumia 1 kwa 6, kwa sababu mbao laini inabonyea na mkia uliosimama sana unateleza ukavuka. Lakini usizidishe mlalo zaidi ya hapo. Ncha za mkia zinabaki na nyuzi fupi na zinamomonyoka hata kabla hujaunga.

Ni lazima ukingoni, juu na chini, pamalizike kwa nusu-jino. Nusu-jino lina gundi ubavuni na linazuia ukingo wa ubao wa mikia usijikunje kwenda nje. Likiwa jembamba chini ya 6 mm linapasuka unapogonga.

---

Bi_Randa

Vipimo vya Mahati naviunga mkono. Ila msumeno usiguse ubao kabla ya haya, maana pembe mbovu nyingi huanzia kwenye ubao ambao haukuwa sawa.

Kwanza ukavu. Mbao zinazoshushwa gatini mara nyingi zimekatwa karibuni. Hesabu ya mafundi kwa kukausha kivulini ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Zipange kwa vijiti vya 20 au 25 mm katikati, kila baada ya nusu mita, kijiti juu ya kijiti katika mstari mmoja wa wima. Vikipishana ubao unapinda hapo hapo. Ukitaka uhakika, kata kipande, kipime uzito kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao umefikia hewa ya Lamu. Hewa ya Nairobi ni kavu zaidi, kwa hiyo utaendelea kunywea kidogo hata baada ya hapo. Hilo tutalirudia kwenye kitako.

Pili, tazama kichwa cha ubao uone miduara ya mti. Upande wa kiini uwe nje ya kasha. Ubao ukinyauka hujikunja kuelekea upande wa gome. Kiini kikiwa nje, kingo za juu na chini zinavutika kwenda ndani ambako ubao mwenziwe unazizuia. Ukigeuza, kingo zinavutika nje na pembe inafunguka juu na chini huku katikati imeshika.

Tatu, vichwa vya mbao viwe mraba pande zote mbili: guni dhidi ya uso na guni dhidi ya ukingo. Piga randa kichwa kutoka kila ukingo kuja katikati. Ukipitisha moja kwa moja nyuzi za mwisho zinachanika. Halafu lazima mbao mbili ndefu zilingane urefu na mbili fupi zilingane. Zisimamishe pamoja na upapase kwa kidole. Kidole kinahisi tofauti ambayo jicho halioni.

Nne, ziandike. Pembe A, B, C, D, pande zote mbili za kila kiungo, na alama ya uso wa nje. Meno ya pembe A hayaingii kwenye mikia ya pembe C, hata yakiwa na vipimo vilevile kwenye karatasi.

---

Tezo_Matondoni

Mie naanza na meno, si mikia. Ubao wa mikia unaulaza chini, ubao wa meno unausimamisha juu yake, kisu kinazunguka meno kwa nafasi. Kwenye mbao nene kama bambakofi ya 40 mm hii ndiyo njia nzuri, maana ndani ya nafasi nyembamba ya mikia kisu hakifiki chini.

---

Bi_Randa

Kwa 40 mm nakubali, fundi Tezo. Kwa 20 mm mikia kwanza ina faida moja kubwa: mbao mbili ndefu unazibana pamoja kwenye jiliwa na kuzikata kwa mkato mmoja. Kazi inapungua, na msumeno unaopita 40 mm ya unene unakwenda mraba kuliko unaopita 20, kwa kuwa mstari wa kuufuata ni mrefu zaidi.

---

Mahati_na_Guni

Njia zote mbili hutoa pembe nzuri. Naeleza ya mikia kwanza kwa kuwa kasha ni la 20 mm.

Mstari wa kina. Funga mahati kwenye unene wa ubao mwenziwe ukizidisha nusu milimita, kiasi cha unene wa ukucha. Vichwa vitatokeza kidogo baada ya kuunga, na randa itavisawazisha. Ukifunga pungufu itabidi upunguze uso mzima wa kasha. Pitisha mahati kwa wepesi, mara mbili au tatu, isikwaruze. Kwenye ubao wa mikia kata mstari palipo na nafasi tu, usipite juu ya mikia yenyewe, la sivyo mstari utabaki ukionekana siku zote.

Kukata mikia. Meno ya msumeno yawe yamepigwa tupa kwa kupasulia, yaani kukata kwa kufuata nyuzi, 14 hadi 16 kwa kila inchi, na yatanuliwe kidogo tu. Msumeno uliotanuliwa sana hauendi ulikoelekezwa. Kata upande wa taka. Kosa la mwinamo kwenye mkia si kubwa, kwa sababu meno yatachorwa kwa kuufuata mkia wenyewe. Kosa ambalo halisameheki ni mkato kutokuwa mraba kupita unene wa ubao. Simama ukiukabili mstari wa mkato, kiwiko na msumeno katika mstari mmoja, na uache uzito wa msumeno ukate. Komea kwenye mstari wa kina. Ukiupita unaacha ufa unaoonekana nje.

Kutoa taka. Ondoa sehemu kubwa kwa msumeno mwembamba wa fremu, ukiacha 1 mm hadi 2 juu ya mstari. Usipokuwa nao, toboa kwa keekee (drili ya mkono) tundu moja katikati ya taka, kisha endelea kwa patasi. Patasi ya kwanza usiiweke juu ya mstari. Mdomo wake una mlalo upande mmoja, na ukiugonga katikati ya mbao nzito unajisukuma nyuma na kuvuka mstari. Anza 1 mm mbele, tindua hadi nusu ya unene, geuza ubao, tindua nusu ya pili. Hapo tu, taka ikiwa imebaki nyembamba, weka patasi ndani ya mstari wenyewe na umalizie. Katikati ya unene pawe na kishimo kidogo sana, kiasi cha karatasi mbili, ili pasibaki kifundo kinachozuia kiungo kufunga. Kichwa cha nyuzi pale hakishiki gundi, kwa hiyo hupotezi nguvu.

Kuhamisha alama. Hapa ndipo kiungo kinapopatikana au kinapopotea. Bana ubao wa meno wima kwenye jiliwa, kichwa chake kiwe juu kwa unene wa randa iliyolazwa ubavu juu ya meza. Sogeza randa nyuma na ulaze ubao wa mikia juu ya vyote viwili. Mstari wa kina wa mikia ukae sawasawa na ukingo wa ndani wa ubao wa meno, na kingo za chini za mbao zote mbili zilingane. Weka uzito juu yake usisogee. Chora kwa kisu chembamba, si penseli: mstari wa penseli una unene, na unene huo ndio upana wa nyufa utakazoziona baadaye. Ukimaliza, shusha mistari kwa guni hadi mstari wa kina.

Kukata meno. Acha mstari wa kisu ubaki kwenye jino. Msumeno uguse mstari kwa upande wa taka bila kuula. Lenga kuunga moja kwa moja baada ya msumeno bila kuchonga mbavu kwa patasi, kwa kuwa kila ukipunguza ubavu unauondolea unyoofu. Kama msumeno wako bado haujatulia mkononi, acha nusu ya nusu milimita na upunguze kwa patasi pana ya 25.

---

Seremala_Langoni

Maashallah, nimeelewa. Kiungo kinatakiwa kukaza kiasi gani? Kuna wanaosema kiingie kwa nyundo, wengine wanasema kwa mkono.

---

Tezo_Matondoni

Kwa mkono hadi theluthi, kilichobaki kwa nyundo ya mti na kipande cha ubao laini katikati, mapigo madogo madogo kuanzia katikati kwenda kando. Sikiliza. Mlio ukiwa mzito na kiungo kinashuka, endelea. Mlio ukiwa mkavu na kiungo kimegoma, acha. Vuta, utazame.

Paka mbavu za mikia risasi ya penseli kabla ya kujaribu. Pale palipoacha weusi kwenye meno ndipo panapobana, na ni hapo tu unapopunguza. Usijaribu kiungo chote mara nyingi. Kila ukikiunga na kukivuta kinalegea kidogo, na mbao ngumu hairudi.

---

Mahati_na_Guni

Niongeze yanayoharibika na chanzo chake, kwa kuwa fundi uliuliza.

Ufa kwenye ubavu wa mkia, upande mmoja tu, katika kila jino: ubao ulisogea wakati wa kuchora. Hakuna dawa ila kuchora upya kwenye kichwa kipya. Kwa sababu hiyo kata mbao zikiwa na ziada ya 25 mm mwanzoni, na usipunguze mpaka pembe zote nne zimejaribiwa.

Nyufa pande zote mbili, zinazofanana: ulikata juu ya mstari badala ya upande wa taka. Ufa mwembamba kuliko nusu milimita unaweza kuzibwa kwa ganda la mvule uliyoikata kwa randa, lenye nyuzi zinazokwenda kama za mkia, likatiwa gundi. Usizibe kwa unga wa mbao na gundi. Unga haushiki chochote na rangi yake inageuka nyeusi ukipaka mafuta.

Kiungo kimefika chini nje lakini ndani kuna mwanya: taka haikutoka kwenye pembe za ndani za nafasi. Patasi ya mraba haifiki kwenye pembe kali ya mkia. Chonga patasi ya 6 mm mdomo wake ulale upande mmoja, au tumia ncha ya kisu.

Ubao wa mikia umepasuka kutoka kwenye nafasi kwenda katikati: jino lilikuwa nene na ulilazimisha. Meno ni kabari. Ukiyagonga yakiwa mapana yanapasua ubao kama kuni. Ufa huo ukiwa mfupi, ingiza gundi na ubane usiku kucha. Ukipita 50 mm badilisha ubao.

Kasha likiwa halina mraba baada ya kuunga: pima pembe hadi pembe kwa nje, juu na chini. Kwa 900 kwa 450 kila mlalo ni 1006 mm. Mlalo mmoja ukiwa mrefu, sogeza klampu zikae kwa kufuata mlalo huo mrefu na ukaze taratibu hadi milalo ilingane. Fanya hivyo gundi ikiwa mbichi.

---

Kinoo_Kilowevu

Mmesahau kunoa, na mvule inaadhibu. Ndani ya mvule huwa na vijiwe vya chokaa vilivyojificha kwenye nyuzi, vyeupe, vigumu kama changarawe. Patasi ikikutana nacho mdomo unakatika. Tazama ubao kwa jua la pembeni kabla ya kupanga mikia na usiweke nafasi mahali penye kijiwe.

Mdomo wa patasi usiwe mwembamba kwa mvule: saga digrii 25, malizia digrii 30. Juba, yaani patasi nene ya kuchimbia tundu, digrii 35. Mgongo wa patasi uwe bapa kabisa na ung'are sentimita mbili za mwisho. Mgongo ukiwa na mviringo patasi haifuati mstari. Jaribio: kata kichwa cha kipande cha saiprasi. Ikiacha uso unaong'aa, ni kali. Ikiponda nyuzi na kuacha weupe, rudi kwenye kinoo. Nolea tena baada ya kila pembe moja, usisubiri ugumu uanze kuonekana.

Na funika pua. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua.

---

Mwimo_Shela

Naomba kuingilia hapo hapo. Kwangu ni fremu ya mlango, si kasha: miimo miwili ya bambakofi 100 kwa 50 mm na kizingiti cha juu cha vipimo hivyo hivyo. Mkia wa njiwa hauwezekani. Pembe hizi zinafungwaje zisitingishike, na fremu iweze kufunguliwa kwa kupandishwa ghorofani?

---

Kabari_Kavu

Fremu ni ulimi na tundu: ncha ya mti mmoja inapunguzwa unene iwe ulimi, nao unaingia kwenye tundu la mti mwenziwe. Na kwa kuwa unataka ifunguke, usitie gundi, ifunge kwa kijiti cha kuvuta.

Unene wa ulimi ni theluthi ya unene wa mti, lakini uamuzi wa mwisho ni wa juba ulilonalo. Kwa 50 mm chukua juba la 16 mm, ulimi uwe 16, mabega (sehemu zinazobaki kando ya ulimi) yabaki 17 kila upande. Chora ulimi kwa kufuata juba, si kwa hesabu. Weka alama zote kutoka uso mmoja, ule wa nje, kwenye miti yote. Ukipima mara kutoka mbele na mara kutoka nyuma nyuso hazitalingana.

Nani abebe tundu? Kizingiti kipite juu ya miimo, kiwe na matundu, na miimo iwe na ndimi zinazopanda. Ukuta unalala juu ya kizingiti na uzito unashuka kwenye mabega ya miimo.

Kiache kizingiti kirefu kupita miimo kwa 60 mm au zaidi kila upande. Kipande hicho ndicho kinachozuia tundu lisipasuke kuelekea kichwani, na ukiweza kukifukia ukutani, kiache kikae huko. Pale ambapo kizingiti lazima kiishie sawa na mwimo, usiache ulimi wa upana wote wa 100. Punguza ulimi uwe 65 mm, na ile 35 iliyobaki upande wa nje uiache kama kisiki kifupi cha 12 mm, kiingie kwenye mfuo (mfereji mwembamba) wa kina hicho hicho. Bila hicho kisiki mwimo unaweza kujizungusha pembeni. Na ulimi ukiwa wa upana wote tundu linakuwa wazi na pembe haina kinachoishika.

Kuchimba: bana kizingiti, simama kwenye kichwa chake ili uone juba kama limesimama wima. Anza 3 mm ndani ya mwisho wa tundu, kata kwa hatua za 5 mm ukirudi nyuma, kina kiongezeke taratibu. Mwisho wa tundu ukate mwishoni kabisa, kwa sababu unapong'oa takataka kwa juba unaegemea hapo, na panapondeka. Tundu la kupita upande wa pili lichimbwe nusu kutoka kila uso. Ulimi uingie kwa kusukumwa kwa mkono pamoja na mapigo machache mepesi. Ukitingisha upande upande, ni mwembamba: bandika ganda la mbao kwenye shavu la ulimi na uchonge upya.

Sasa kijiti. Toboa kizingiti kwanza, tundu la 10 mm, katikati ya upana wa ulimi, 25 mm kutoka kwenye ukingo unaokutana na mabega. Ingiza ulimi hadi mwisho, tia ncha ya keekee ndani ya tundu, iguse ulimi iache alama. Toa ulimi. Toboa ulimi si kwenye alama bali 1 mm karibu zaidi na mabega. Kwa mbao laini weka 2 mm. Kijiti kikipita kinalazimika kujikunja kidogo na kuvuta mabega yakae. Ukisogeza upande usio wake kijiti kinausukuma ulimi nje, na pembe haitafunga kamwe. Ukizidisha 2 mm kwenye bambakofi kijiti kinakatika ndani, au ulimi unapasuka kati ya tundu na ncha yake. Kwa sababu hiyo acha angalau 25 mm za mbao kati ya tundu na ncha ya ulimi.

Kijiti kipasuliwe, kisikatwe kwa msumeno. Kilichopasuliwa kina nyuzi zinazokwenda mwanzo hadi mwisho na hakikatiki kikijikunja. Mbao kavu, ngumu, iliyonyooka. Kichonge pembe nane, si mviringo kamili, na ncha iwe nyembamba kwa 30 mm. Paka nta kidogo. Ukitaka kufungua fremu, gonga kutoka nyuma kwa kijiti kingine.

Fremu isiyohitaji kufunguliwa, weka kabari. Tundu upande wa kutokea lipanuke 3 mm kila mwisho. Ulimi uwe na mipasuo miwili ya msumeno, 6 mm kutoka kila ukingo, na mwisho wa kila mpasuo toboa tundu la 4 mm ili ufa usiendelee kushuka. Kabari mbili zigongwe kwa zamu, pigo hapa pigo pale. Ukimaliza moja kwanza, ulimi unasukumwa upande na bega linafunguka.

---

Mwimo_Shela

Ahsante sana mzee wangu. Na ule mkato wa nusu kwa nusu, ubao juu ya ubao?

---

Kabari_Kavu

Unafaa kwa fremu ya kioo au ya dirisha dogo. Gundi ina uso mpana, lakini hakuna kinachozuia pembe kujizungusha isipokuwa gundi hiyo hiyo. Ukiutumia, tia vijiti viwili vya 6 mm vilivyokaa kwa mlalo, visiwe kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Kwa mlango, usiutumie.

---

Seremala_Langoni

Turudi kwenye kasha. Gundi gani, na kitako kinaingiaje bila kuharibu mikia?

---

Bi_Randa

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa kasha la ndani ya nyumba. Sehemu yenye unyevu wa kudumu tumia ya epoksi. Tatizo la gundi nyeupe hapa kwetu ni joto: mchana wa kaskazi inaanza kushika ndani ya dakika chache, na wewe una jozi 12 za nyuso kwa kila pembe, 48 kwa kasha zima. Unga alfajiri, na msaidizi awe pembeni. Paka mbavu za mikia na za meno kwa brashi nyembamba, tabaka jembamba pande zote mbili. Vichwa vya nyuzi usivipake, ni kupoteza muda na gundi. Unga pembe mbili zikauke, kisha mbili zilizobaki, kama huna klampu za kutosha.

Klampu isikalie meno, maana vichwa vyake vimetokeza na vitazuia mkia usishuke. Kata kipande cha ubao chenye mapengo palipo na meno, kikandamize mikia tu. Saa moja klampuni, siku nzima kabla ya kupiga randa. Gundi iliyotoka nje iache igande kama utando, kisha ibandue kwa patasi. Ukiipangusa kwa kitambaa kilichoroa inazama ndani ya nyuzi na mafuta hayatashika hapo.

Kitako kisipigiliwe misumari wala kutiwa gundi. Mvule haichezi sana, lakini kwa upana wa 450 itanywea Nairobi, na kitako kilichofungwa kitapasuka katikati au kitavuta pembe. Chonga mfuo wa kina cha 6 mm na upana wa 6 mm, 15 mm kutoka ukingo wa chini, na kitako chenye kingo zilizopunguzwa kielee humo. Acha nafasi ya 2 mm kila upande kwa kuvuka nyuzi.

Angalia mfuo unapofika pembeni. Kwa vipimo vya Mahati, 15 hadi 21 mm kutoka chini pako ndani ya mkia wa mwisho. Kwenye ubao wa meno pitisha mfuo moja kwa moja. Unaishia kwenye nafasi itakayofunikwa na mkia. Kwenye ubao wa mikia usipitishe, utatoboa kichwa cha mkia na tundu litaonekana ubavuni. Simamisha mfuo 12 mm kabla ya kichwa, na umalizie mwisho wake kwa patasi ya 6.

---

Tezo_Matondoni

Skrubu za vishikio ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba na uingize skrubu ya chuma ya ukubwa uleule, uitoe, ndipo ya shaba. Shaba inakatika shingo ndani ya mvule ukiilazimisha.

---

Mahati_na_Guni

Fundi, mwambie mteja mapema: baada ya miezi kadhaa Nairobi atahisi kwa kidole vichwa vya mikia vimetokeza kidogo sana pembeni. Unene wa ubao wa meno umenywea, lakini urefu wa mkia haunywei. Kiungo hakijalegea. Akitaka uso laini, ni mipito miwili ya randa yenye makali, kutoka ukingoni kuja ndani, na mafuta tena juu yake.

---

Seremala_Langoni

Mungu awalipe kheri nyote. Mbao ninazikata zikiwa na ile ziada ya 25 mm, na pembe ya kwanza ninaijaribu kwenye vipande vya mvule vilivyobaki, unene uleule, mikia miwili tu.

---

Bi_Randa

Mitatu. Ukiweka miwili unapata nafasi moja tu ya ndani, na hutajua kama mwendo wa msumeno unabadilika kutoka nafasi moja hadi nyingine.